Mhariri, wanawake hatuogopi kuwekeza, tunajua nani atalipa ikipotea

Mhariri,

Salaam. Nimesoma ile makala yenu ya ukurasa wa biashara inayosema wanawake wa Kitanzania tumebaki nyuma kwenye uwekezaji kwa sababu eti tunaogopa kuthubutu, wanaume ndo wana moyo wa kujilipua, na dawa yake ni tupelekwe semina za kujengewa ujasiri. Semina tena jamani! Mi nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapa Mbagala, nina diploma yangu ya biashara ya CBE, na kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana pesa, mi ndo mtunza fedha, kwahiyo pesa za wanaume na pesa za wanawake zote zinapita mkononi kwangu kutwa nzima, nikaona nikinyamaza ntakuwa sijatenda haki.

Kwanza sikatai kwamba tofauti ipo. Ipo, tena mtu yeyote aliyekaa kwenye dirisha la wakala anaijua bila kwenda chuo. Jumamosi mchana kabla mechi za Ulaya hazijaanza wanaokuja kuweka elfu tano, elfu kumi, wengine elfu hamsini ili wakabeti ni wanaume, na wala hawafichi, anakwambia kabisa dada fanya haraka nina mkeka wa timu nane huu lazima utiki. Jumatatu mkeka ushachanika, foleni inabadilika, wanakuja akina mama wanatuma hisa za kikoba, wanatuma rejesho, wanatuma ada ya mtoto nusunusu. Najua mwandishi wenu hakuongelea kubeti, aliongelea hisa na foreksi ya kununua na kuuza pesa za kigeni na hizo kripto, pesa za mtandaoni, lakini ukikaa na watu wanaofanya hivyo vitu utaona mara nyingi ni mtu yuleyule na maneno yaleyale, kuna kitu amekiona ambacho wengine hawajakiona, na akipata atakwambia, akikosa humuoni wiki mbili.

Ninachokataa ni majina mliyogawa. Anayejilipua kaitwa jasiri, anayehesabu kaitwa mwoga, halafu makala nzima haikuuliza hata mara moja nani anaishia na pesa nyingi zaidi mwisho wa siku.

Hilo swali lilishaulizwa zamani kwa wenzetu. Kuna Wamarekani wawili, Brad Barber na Terrance Odean, mwaka 2001 walitoa utafiti unaojulikana sana kwa watu wa masoko ya hisa, walichukua kumbukumbu za kaya zaidi ya 35,000 zilizokuwa zinanunua na kuuza hisa kupitia kampuni moja kubwa ya udalali kule Marekani kuanzia Februari 1991 mpaka Januari 1997, wakatenganisha akaunti zilizofunguliwa na wanaume na zilizofunguliwa na wanawake. Wakakuta wanaume wananunua na kuuza asilimia 45 zaidi ya wanawake. Makapera ndo balaa, wanaume wasio na mke walikuwa wanazungusha hisa zao asilimia 67 zaidi ya wanawake wasio na mume. Sasa huko kuzungusha kukawaletea nini? Kuliwapunguzia wanaume faida yao kwa pointi 2.65 za asilimia kwa mwaka, wanawake 1.72. Yaani wote waliumia kwa kuuza-uza, ila wanaume waliumia zaidi, na sio kwamba walikuwa wanachagua hisa mbaya kuliko wanawake, hapana, walikuwa tu hawatulii, kila wakigeuka wanamlipa dalali, na hao watafiti wakasema ugonjwa wenyewe ni kujiamini kupita kiasi. Semina ya kutibu hiyo sijawahi kuona tangazo lake popote.

Na hapa kwetu mambo ni hayohayo, ukinunua hisa Soko la Hisa la Dar es Salaam unalipa kamisheni, ukiuza unalipa tena, kwahiyo kila ukihangaika kuna mtu anakula. Angalieni benki ya CRDB, iliingia sokoni mwaka 2009 kwa shilingi 150 kwa hisa, miaka kumi baadae bei ilikuwa imeshuka chini ya hapo, watu wakauza kwa hasira wakisema hisa ni utapeli, halafu ikaja kupanda mara kadhaa ya ile bei ya kuanzia. Benki ya NMB ilianza na 600 mwaka 2008, imeshapita 5,000, na hapo sijaweka gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, lililolipwa miaka yote hiyo. Aliyefaidi ni yule aliyenunua akasahau. Sisemi wote waliokaa ni wanawake, sina hesabu hiyo, nasema kukaa kimya na karatasi yako miaka kumi na tano huku kila mtu anakucheka nako kunataka moyo, ila huo moyo haupigwi picha.

Sasa nije kwenye kitu ambacho naona ndo kiini, na mwandishi wenu amekiruka. Ujasiri wa wanaume wengi hapa mtaani umesimama juu ya mchezo wa mke, zile pesa wanawake wanazochangiana na kupeana kwa zamu. Kuna baba mmoja, simtaji na wala hamtamjua, alichukua mafao yake akaingiza yote kwenye kilimo cha matikiti, hesabu zote alizipata kwenye grupu la WhatsApp, ekari moja inatoa matikiti mangapi zidisha na bei ya Temeke sokoni, kwenye karatasi alikuwa ameshanunua Noah. Mvua ikaja vibaya, na matikiti yaliyopona yalifika sokoni siku ambayo kila mtu kaleta matikiti. Pesa ikaisha. Lakini nyumbani kwake hakuna aliyelala njaa, kodi ililipwa, watoto hawakurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, kwasababu mama alikuwa anauza vitumbua na ana michezo miwili, wa wiki na wa mwezi. Mwaka uliofuata baba akaingia kwenye kitu kingine. Mtaani wanamsifia, wanasema huyu mzee mpambanaji hakati tamaa. Ni kweli hakati tamaa, ila angekuwa hana mtu wa kumshikia nyumba angekata mapema sana. Na yule mama akiulizwa kwenye madodoso yenu kama yuko tayari kuweka akiba yake yote kwenye kitu kinachoweza kupanda au kushuka atajibu hapana, mnaandika mwoga. Jamani, hatari yote ya ile nyumba imeshachukuliwa na mtu mmoja, mlitaka na yeye ajilipue ili iweje?

Na hii sio tabia ya kuzaliwa nayo, maana najua kuna watu watasema ndivyo Mungu alivyotuumba. Mwaka 2009 Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walitoa utafiti ambao sehemu yake waliufanya hapahapa Tanzania kwa Wamasai, na sehemu nyingine kwa Wakhasi kule Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India, ambako ukoo unahesabiwa kwa mama na mali ya nyumbani anarithi binti wa mwisho. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi tu, unatupa mpira wa tenisi uingie kwenye ndoo iliyoko mita 3, unatupa mara 10, na kabla hujaanza unachagua malipo. Ama unalipwa kiasi fulani kwa kila mpira ulioingia, ama unashindanishwa na mtu usiyemjua, ukimshinda unalipwa mara tatu, akikushinda huna chako. Wamasai wanaume nusu yao walichagua kushindana, wanawake ilikuwa kama robo. Wakhasi mambo yakageuka, wanawake asilimia 54 wakachagua kushindana, wanaume 39. Najua kutupa mpira kwenye ndoo sio kununua hatifungani, yaani kuikopesha serikali au benki kwa riba, na kupenda kushindana sio sawasawa na kupenda hatari ya pesa, ila angalau inatosha kumnyamazisha anayesema mwanamke popote alipo kaumbwa kujificha nyuma. Mwanamke wa Kikhasi anajua nyumba ni ya kwake. Wa kwetu anajua nini?

Anajua kwamba kajenga kwenye kiwanja cha ukoo wa mume. Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, kwasababu hakuna uwekezaji wa hatari nchi hii kama huu na wanaoufanya ni sisi tunaoitwa waoga. Mwanamke anatoa pesa za mchezo, ananunua matofali mia tano leo, mifuko ya saruji mwezi ujao, bati anakopa kwenye kikoba, nyumba inasimama kwenye ardhi yenye jina la baba mkwe au haina hati kabisa, risiti zote za duka la vifaa zimeandikwa jina la mume maana ndo alienda kubeba mzigo, miaka ishirini akiba yake yote imelala kwenye kitu kimoja ambacho hana karatasi hata moja. Mpe huo mpango mtaalamu yeyote wa uwekezaji bila kumwambia ni ndoa, atakwambia kimbia. Ni kweli sheria ipo, tena sio jana, Mahakama ya Rufani mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema hata kazi za nyumbani zihesabiwe kama mchango kwenye mali za ndoa, na sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Lakini sheria iko kwenye vitabu na makaratasi ya kiwanja yako kabatini kwa mkwe, na mume akifariki leo, kabla arobaini haijafika shemeji ameshaanza kuulizia mipaka.

Halafu kuna kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya riba kali. Nani anakopa kausha damu? Nendeni mkaangalie vikundi vinavyokaa kwenye mikeka asubuhi vikisubiri afisa mikopo. Wanawake watupu, wameweka friji na makochi na televisheni kuwa dhamana, wamedhaminiana wao kwa wao, rejesho ni kila wiki na asipoleta mmoja wenzake wanamfuata wakabebe godoro, na wengi hata mume hajui kama hilo friji alilonunua lina mwenyewe mwingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilifungia majukwaa na apu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na kibali, sawa tunashukuru, ila kausha damu wa mtaani hahitaji apu, anakuja na daftari. Mtu anayechukua mkopo wa namna hiyo ili akanunue ndizi Mabibo auze Mbagala na ajue siku ndizi zikiiva zote kwa pamoja amekwisha, mnataka kumfundisha kuthubutu? Anathubutu kila siku alfajiri. Anachokosa ni mkopo wa riba ya kibinadamu.

Kingine, msitufanye malaika pia. Wanawake tuna mlango wetu wa kuingilia kwenye hasara, na mi naona ni huu, mwanaume anaingia kwa sababu anaamini yeye anajua, mwanamke anaingia kwa sababu anamwamini aliyemleta. Mnaikumbuka DECI, ule upatu haramu. Mwaka 2009 serikali inaifunga watu walikuwa wamepanga foleni kupanda mbegu, ndo lugha yenyewe ilivyokuwa, unapanda halafu unavuna, na waliokuwa wanaiendesha walikuwa wachungaji, sasa nani atamtilia shaka mchungaji? Ilipitia makanisani na majirani, mtu anamvuta dada yake na dada anamvuta wifi yake, na hesabu ya mavuno ilikuwa haiwezekani ila nani alikuwa anapiga hesabu wakati mama mchungaji mwenyewe keshavuna? Tangu hapo yamekuja mengine kwa majina mengine, siku hizi yako kwenye simu, na mbinu ni ileile ya kukuletea mtu unayemheshimu. Kwenye hilo wanaume nao hawakusalimika, foleni ilikuwa ya wote.

Ndio maana kikoba kinachoendeshwa vizuri mi nakiheshimu kuliko hizo semina. Huu mtindo wa vikundi vya sanduku ulianzia Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini wakisaidiwa na shirika la CARE, ukaja kusambaa Afrika nzima na kwetu ukafika. Sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu wanashika watu watatu tofauti, na mwenye sanduku hana ufunguo. Pesa inahesabiwa mbele ya wote. Kwenye kikao unanunua hisa moja mpaka tano, ukija na mamilioni hatutaki, ili mwenye nacho asije akageuza kikundi kuwa chake. Mwangalie aliyefikiria hayo, huyo hakuwa anaogopa hatari, alikuwa ameisoma hatari mpaka akajua itaingilia wapi, itaingilia kwa mtunza fedha, yaani mimi, na wala sijachukia kuwekewa kufuli.

Lakini, na hapa wenzangu wa kikoba watanichukia kidogo, tunakosea kuishia hapo. Desemba tunavunja, kila mtu anaondoka na fungu lake, laki nane, milioni na kitu, na kufika katikati ya Januari imeyeyuka kwenye vitenge vya sare, sikukuu, michango ya harusi tatu na ada. Tunaweka pesa mwaka mzima kwa nidhamu ambayo benki ingetuonea wivu halafu tunaanza tena na sifuri. Wakati UTT, wale wanaokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja, wana mfuko wao wa Umoja tangu mwaka 2005, unanunua vipande kidogokidogo kwa simu hiihii, na hatifungani za serikali siku hizi unaingia kuanzia milioni moja, riba inaingia mara mbili kwa mwaka kwenye akaunti yako, na ya zile za muda mrefu haikatwi kodi. Ile ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa inalipa asilimia 15.95. Kikoba cha watu thelathini kingeweka fungu dogo tu pembeni kabla ya kuvunja kingekuwa na hatifungani yake yenyewe. Nilivyolisema kwenye kikao nikaulizwa miaka 25 nani atakuwa hai, nikajibu hatifungani inauzwa kwa mtu mwingine kabla haijaiva, hawakushawishika, ila hoja haijafa.

Na msiseme wanawake hawakununua hatifungani kwa sababu ya kukosa ujasiri maana hata jina la ujasiri lishatumika. Mwaka 2022 NMB ilitoa Jasiri, hatifungani ya miaka 3 kwa ajili ya kukopesha biashara za wanawake, walitafuta bilioni 25 wakapata zaidi ya bilioni 74. Ilikuwa inalipa asilimia 8.5. Najua miaka 3 sio miaka 25 na benki sio serikali, msinirushie mawe wachumi, ila mama mwenye milioni yake moja akiona 8.5 hapa na 15.95 pale na akaenda pale huwezi kumwambia hana ujasiri, ana hesabu.

Nichukue dakika moja kwa vijana wa foreksi. Mdogo wangu wa kiume alinieleza akaunti ya majaribio ilimpa faida mfululizo, akaingiza pesa halisi, haikuchukua muda akawa anakuja kukopa bando. Dada yake, tumbo moja damu moja, ana vipande vyake UTT na hamwambii mtu. Kwenye vikao vya familia anayeulizwa ushauri wa pesa ni huyo kaka.

Kwahiyo mhariri mi sina ugomvi na mwandishi wenu, kaandika kama wanavyoandika wengi. Ila mkitaka kweli kusaidia acheni semina za ujasiri. Madalali na mameneja wa mifuko, mteja wa kike akija msimuulize kama anaogopa hasara, muulizeni ni watu wangapi wanakula kwa pesa hiyo na kama ipo akiba nyingine nyumbani, na swali hilohilo muulizeni na mume wake, tena yeye ndo mumuulize kwa sauti. Halmashauri zinazotoa ile asilimia kumi ya wanawake, vijana na wenye ulemavu zitoe kwa wakati, ili mtu asilazimike kwenda kwa kausha damu wakati pesa yake imekwama kwenye mafaili. Na wanawake wenzangu, risiti ya saruji iandikwe jina lako, kama muuza duka hajui kuliandika mtajie herufi moja moja.

Na nyie gazeti nina ombi moja. Kila wiki mnatuwekea picha ya kijana aliyeanza na laki moja sasa ana mamilioni. Wekeni na safu ya waliopoteza, bila majina kama mnaogopa kesi, muwaulize pesa ilitoka wapi, ilipotea kwenye nini, na mwaka huo ada ya watoto alilipa nani.

Mtunza fedha wa kikoba,
Mbagala, Dar es Salaam